Kigelegele Katika Vumbi la Koboko

Mama yangu,

Najua ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula, ingawa chakula hakipiti vizuri siku hizi.

Unakumbuka mwaka ule wa sabini na tisa? Harusi ya jirani yetu Arua ilivunjwa na habari za vita, tukakimbia na nguo zetu za sherehe. Wanawake wote mlivaa sare, kitenge kilekile cha njano. Pale Koboko malori yakatimua vumbi, nami nikashika pindo la kitenge nikalifuata. Loo! Kumbe si wewe. Nililia mpaka sauti ikakauka, na kila mama niliyemwona alikuwa wa njano.

Ndipo ukapiga kigelegele. Watu wanakimbia roho mkononi, wewe unapiga kigelegele!

"Huyu mama iko na wazimu? Harusi iko wapi hapa?" mzee mmoja akafoka.

"Wacha! Mimi naita mtoto yangu!"

Nilikijua chako, kile kinachokatika katikati kisha kinapanda tena. Nikakifuata mpaka nikakushika miguu.

Miaka ya tisini, ulipokuwa umesharudi kutoka ng'ambo ya mpaka tulikokimbilia, ukahamia Koboko, nilikuja likizo ukaniuliza hasa ninafanya kazi gani Ulaya. Nikakueleza kuwa kuna nyota zimesongamana nyuma ya vumbi la angani, mwanga wake haufiki kwetu, ila eksirei zake hupenya.

"Eksirei? Nyota nayo iko na ugonjwa ya kifua?"

Tulicheka weee! Nikasema eksirei huonekana kama doa tu, na ndani ya doa moja zimo nyota nyingi zinazofanana. Kazi yangu ni kujua ni ipi inayoitoa.

"Kama ile vitenge," ukasema. "Ukipata moja, kuja uniambie mwenyewe."

Nimeipata, mama. Tulipiga picha kwa mwanga mwingine, usioonekana kwa macho, unaopenya vumbi. Eksirei ikififia, nyota moja tu katika lile doa hufifia nayo. Ikirudi, nayo inarudi. Nimeipata wiki moja baada ya kukuzika, na inaniuma mno. Laiti ingewahi kidogo tu.

Nilipokuwa na uhakika nilisimama ofisini peke yangu nikapiga kigelegele, mimi ambaye sikuwahi kukiweza. Kikakatika katikati, kikapanda tena. Nikabaki nimetazama mlango. Hakuna aliyekuja.

Pumzika, mama.

Mwanao, yule aliyeshika pindo lisilo lako