Swali la Nne

Bweni la Tatu, Chumba 12,
Chuo cha Masomo ya Jumuiya.
19 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, ila mafua yamezunguka bweni zima na mimi sikurukwa. Baba hajambo, bado anabishana na redio.

Shangazi, nisizunguke. Lile jambo la duka lako limekwama, na aliyelikwamisha ni mimi.

Ulipoandika Februari kwamba maofisa wa huko wamelifunga kwa lakiri duka lako la ushonaji, vyerehani vimo ndani, eti kwa kuwa wewe ni mgeni, uliniuliza: wewe unayesoma mambo ya Jumuiya, hapo hakuna njia? Nikakujibu nitaulizia nikimaliza mitihani. Barua yako nikaitia kwenye daftari, nikaendelea kukariri.

Swali la nne la mtihani liliuliza: raia akionewa na nchi mwanachama, afanye nini? Nilijaza kurasa tatu. Niliandika kwamba anaweza kwenda Mahakama ya Jumuiya, mradi afungue shauri ndani ya miezi miwili tangu aonewe. Hiyo miezi miwili niliipigia mstari kwa rula. Siku ile wewe ulikuwa umebakiwa na siku kumi na moja. Sikukukumbuka hata kidogo.

Juzi ndipo nilipokwenda mahakamani na mwalimu wangu. Karani wa masjala, mama mpole mwenye miwani, alisoma tarehe ya lakiri, akafunga faili.

"Muda umepita, mwanangu."

"Hauwezi kuongezwa?"

"Majaji wenyewe hawana ruhusa ya kuuongeza."

Tulishuka ngazi. Huko chini mwalimu akasema, "Swali lile wewe ndiye uliyelijibu vizuri kuliko wote." Hakusema kwa ubaya. Afadhali angenitukana.

Wenzangu wamenishauri niwaandikie wabunge wa Jumuiya. Nimewaandikia. Lakini nimesoma miaka mitatu namna barua hizo zinavyopokelewa: hugongwa muhuri, hutajwa kikaoni, basi. Usisubiri majibu. Kama kuna fundi aliyekupa pembe ya kushonea dukani kwake, kaa hapo hapo.

Baba bado hajui. Nitamwambia Jumapili. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza, wala sikuombi uniambie si kitu.

Nisalimie Mama Mdogo, na yule jirani yako Mrefu na mkewe. Mungu akutunze huko ugenini, akupe usingizi.

Anayekupenda, japo hakukufaa,
Mtoto wa kaka yako