Vitabu Nilivyokuchagulia, Naliaka

Naliaka mwanangu,

Tangu uende Bungoma kwa baba yako sijaweza kukaa mahali pamoja. Nafagia chumba ambacho nimekifagia asubuhi. Natoka hadi langoni, naangalia barabara ya hapa mtaani Tuwan juu na chini, halafu narudi ndani bila kujua nilitoka kufuata nini. Leo mchana nimejilazimisha kuketi, nikachukua kalamu, maana kwenye simu ya baba yako tunaishia kuulizana kama umekula na kama kuna mvua huko. Barua hii siifungi kwa gundi. Baba yako akitaka aisome, na mwalimu wako mpya pia. Sina la kuficha tena, nimechoka kuficha.

Ulikuwa darasa la pili mwaka ule shule za msingi zilipofanywa za bure. Kitale nzima watoto walimiminika shuleni, na darasa lenu likawa na watoto wa kukaa hata sakafuni. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule hiyo hiyo. Nikipita kwenye dirisha lenu nilikuona umeinamia daftari, na kila jioni ukija nyumbani nilikuta umeandika ukurasa mzima wa kitu ambacho hakisomeki. Kwako wewe baba na dada yalikuwa neno moja. Mbuzi ulimwandika mduzi. Nilikurekebisha, ukaitikia, ukaandika mduzi tena.

Kisha mwalimu wako akaanza kukuchapa. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na kiboko kimoja, na wewe ulikuwa mtoto wa mwalimu mwenzake, kwa hiyo alidhani unafanya makusudi. Siku moja ulikataa kuvaa sare. Ulishika mguu wa kitanda kwa mikono yote miwili, ukaniambia, "Mama, nipeleke popote, hata sokoni nikauze sukuma wiki, lakini si huko."

Mwisho wa muhula huo nikaacha kazi. Baba yako alikuwa afisini kwake Bungoma, na Ijumaa alipokuja nikamwambia kama mtu anayetaja bei ya unga kwamba nitakufundisha mwenyewe, hapa nyumbani. Akaniuliza, "Kwa kitabu gani?"

Na swali hilo la baba yako ndilo lililonikimbiza miaka yote iliyofuata.

Unakumbuka lile sanduku? Kulikuwa na familia ya wazungu wa kanisa upande wa mlimani waliokuwa wakirudi kwao, na walikuwa wakiuza vitu vyao vyote barazani. Watu waligombania jiko na magodoro. Mimi nilienda moja kwa moja kwenye sanduku la vitabu, kwa sababu watoto wao watatu walikuwa wamesomea nyumbani na wote walisoma kama maji. Ndani mlikuwa na mwongozo wa mwalimu uliosema kila siku ufanye nini: siku ya kwanza imba wimbo huu, siku ya pili chora tufaha. Nililibeba kichwani hadi nyumbani, mimi mwalimu wa serikali wa juzi, na sikuona aibu. Nilidhani nimebeba dawa.

Ukafungua kitabu cha kwanza, ukatazama picha kwa muda mrefu.

"Mama, mbona hawa watoto wamevaa blanketi nje?"

"Ni makoti. Kuna theluji."

"Na hii nyeupe chini ni unga?"

Tulimaliza wiki nzima kwenye theluji. Wiki iliyofuata ilikuwa sarafu zao, na ukaniuliza kwa nini uhesabu pesa ambazo hakuna duka Kitale litakalozipokea. Sikucheka. Niliona tu kwamba tuko siku ya kumi na sita na mwongozo unasema kufikia siku hiyo mtoto awe anasoma maneno ishirini. Ulikuwa unasoma mawili, na moja ulikuwa unalibahatisha.

Basi nikabadilisha. Mama mmoja wa kanisani alikuwa na ndugu Nairobi aliyeuza vijitabu vya mtoto kujifundisha mwenyewe. Unajaza, unafunga, unafanya mtihani mdogo, unabandika nyota. Ulizipenda nyota. Ukuta wetu ukajaa nyota. Ilinichukua miezi miwili kugundua kwamba ulijua mahali nilipoficha kijitabu cha majibu, na kwamba ulikuwa unanakili umbo la majibu moja moja, kama mtu anayechora ua la kitambaa. Nikavitupa hivyo navyo. Nikaenda duka la vitabu mjini, nikanunua vile vile vitabu vya serikali ambavyo ulikuwa ukichapwa kwa kushindwa navyo shuleni.

Kila nilipobadilisha kitabu nilikurudisha ukurasa wa kwanza. Sasa naliona hilo. Wakati huo sikuliona. Niliamka kila asubuhi nikidhani kuna kitabu mahali fulani kilichoandikwa kwa ajili yako na mimi mvivu sijakitafuta vya kutosha.

Nafika sasa kwenye Jumapili ile. Vumilia, lazima niiandike.

Ilikuwa mwaka wa pili wa kukaa nyumbani. Shangazi zako walikuja kutoka Bungoma na binti mkubwa wa mmoja wao, na shangazi mmoja akasema, huku akikoroga chai, "Sasa huyu mtoto wa kufichwa nyumbani ameshajua nini?" Nikakuita. Nikakupa kitabu cha hadithi tulichokisoma mwezi mzima, kile cha kuku aliyepotea. Ukasimama katikati ya sebule, ukasoma ukurasa wa kwanza bila kukwama. Wa pili. Wa tatu. Ulisoma kwa sauti nzuri, ukipanda na kushuka. Nilitazama nyuso zao nikahisi nimerudishiwa mwili wangu.

Yule binti akataka kukusaidia kufungua ukurasa, akafungua miwili kwa pamoja. Na wewe ukaendelea kusoma ule uliorukwa. Kuku alikuwa kwenye picha amepatikana, yuko mikononi mwa mwenyewe, na wewe ulikuwa bado unamtafuta kichakani.

Shangazi akacheka, "Haki, huyu ako na kitabu kingine ndani ya kichwa!"

Ulikuwa umekariri sauti yangu. Mwezi mzima hukuwa unaangalia maneno, ulikuwa unanisikiliza mimi.

Wageni walipoondoka nikakuzaba kofi. Hukulia. Uliniangalia, ukasema polepole, "Si ulisema hapa nyumbani hakuna mwalimu, ni mama tu?"

Naliaka, nimefundisha miaka tisa. Nimechapa watoto wa watu ambao huenda walikuwa kama wewe, na sikukumbuka sura zao hadi uliponiambia maneno hayo. Siku hiyo zilikuja zote.

Kesho yake nilikupeleka kijijini Bokoli kwa Kukhu, mama yangu. Nilikuambia unaenda kupumzika. Ukweli ni kwamba sikuweza kukutazama. Sikukupakia hata kalamu moja.

Yaliyotokea huko niliyapata kwa vipande, kwako, kwa Kukhu na kwa mjomba wako. Mbuzi wa Kukhu aliumia mguu akawa hatembei, na mwenye kuijua dawa ni mjomba wako, ambaye wakati huo alikuwa akinunua mahindi sokoni Moi's Bridge. Kukhu hakuwa na simu. Jirani yake mmoja alikuwa anaenda huko kuuza mahindi Alhamisi. Kukhu akakuita.

"Tuandikie mjomba wako balua."

"Kukhu, mimi sijui kuandika."

"Hata mimi sijui," akasema. "Sasa tutafanya namna gani, na mbuzi analara tu?"

Mkaanza Jumatatu ya wiki ya pili. Alikuwa anasema neno, mnalisema wote wawili mara nyingi hadi likatike vipande, halafu unalichora chini kwenye vumbi la uani kwa kijiti. Likikupendeza unalihamishia kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda. Hakuna aliyekuambia umekosea, kwa sababu aliyekuwepo hakujua. Mlimaliza Jumatano jioni.

Mimi nilifika Jumamosi kukuchukua, nikamkuta mjomba wako uani amepiga magoti, anamfunga mbuzi mguu, na karatasi imechungulia kwenye mfuko wa shati lake. Akanipa niisome. Nimeiona mara moja tu lakini naikumbuka yote:

MJOMDA NJOO. MDUZI YA KUKHU HATEMDEI. LETA DAWA YA MGUU.

Mkono wangu uliingia kwenye mkoba wenyewe. Nilikuwa nimeshatoa kalamu nyekundu, nimeshaifungua. Mjomba wako akaichukua karatasi yake, akaikunja, akairudisha mfukoni.

"Wacha bana," akasema. "Mimi nimeelewa. Si nimekuja?"

Na wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni pa jiko la Kukhu. Ulimtazama mjomba wako, mtu mzima aliyeacha biashara yake na kuja kwa sababu ya alama ulizochora wewe. Nilikuwa nimekununulia vitabu vya aina tatu na hakuna hata kimoja kilichowahi kukupa sura ile.

Tuliporudi Kitale sikununua kitabu kingine. Ulikuwa unanisimulia, mimi naandika kwa herufi kubwa, wewe unasoma, na kwa kuwa maneno yalikuwa yako ulijua lini nimekuibia moja. "Sikusema alienda, nilisema alikimbia." Tulikata dirisha dogo kwenye kadi, unaliteremsha mstari kwa mstari ili mistari mingine isikukimbilie machoni. Herufi b tuliipa tumbo la mbele na d tukaipa mgongo. Kati ya vitabu vya serikali tulibakiza cha hesabu tu. Ulimwandikia Kukhu, ambaye alitafuta wa kumsomea. Ulimwandikia baba yako afisini, na akaja Ijumaa moja na barua yako, anaisoma kwa mara ya tano, macho mekundu. Hakuniuliza tena kwa kitabu gani.

Haikuwa rahisi, sitaki mtu asome hapa adhani kwamba ilikuwa rahisi. Kulikuwa na siku ulirarua karatasi. Kulikuwa na siku nilitoka nje nikazunguka nyumba mara tatu ili nisikupigie kelele. Lakini ulipofika miaka kumi na moja ulikuwa unasoma. Polepole, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea, lakini unasoma kile kilichoandikwa na si kile unachonisikia nikisema.

Ndipo ukaniambia, tukipepeta maharagwe, bila hata kuinua kichwa, "Mama, nataka kurudi shule."

Nikakuambia tutaona. Nilikasirika siku nne. Nilimwambia baba yako kwamba watakuvunja tena, na yeye akasema, "Ameomba mwenyewe. Kuna shule karibu na nyumba yangu, nimeongea na mwalimu, anajua." Wakakuweka darasa la nne na watoto wadogo kwako kwa miaka miwili, na ukasema ni sawa.

Siku niliyokufikisha Bungoma tulisimama nje ya shule. Ulirekebisha kola yako, ukaniuliza, "Mama, ulinitoa shule kwa ajili yangu ama kwa ajili yako?"

Nikakuambia kengele italia, ingia. Nikajifanya natafuta leso.

Nimebeba swali hilo wiki saba, mwanangu, na halinipi nafasi ya kuketi. Jibu ni hili. Nilikutoa kwa sababu walikuwa wanakuumiza, hilo ni kweli, na ningelifanya tena. Lakini kabla ya hapo mwalimu mkuu alisoma matokeo mbele ya walimu wote, na jina lako likawa la mwisho, na mtu akacheka chinichini, "Na mama yake ni mwalimu." Niliondoka pale nimeshaamua. Wewe ulishika mguu wa kitanda wiki iliyofuata. Nimekuwa nikiwaambia watu mambo hayo kwa mpangilio mwingine, kitanda kwanza, kicheko baadaye, na wakati mwingine kicheko nakiacha kabisa.

Kwa hiyo nilikutoa kukulinda, na nilikutoa kukuficha. Na vile vitabu, kimoja baada ya kingine, sikuwa natafuta cha kukufundisha tu. Nilikuwa natafuta kile ambacho kingewanyamazisha wale watu. Uliubeba mzigo huo pamoja na herufi zako, na haukuwa wako. Nisamehe. Nisamehe na kofi, ambalo sikuwahi kuliombea radhi kwa maneno, nilikununulia tu mandazi.

Jumamosi hii nakuja Bungoma. Nimeona dukani kitabu kizuri cha hadithi, herufi kubwa, mistari imeachana, picha za watoto wa kwetu. Nimekitia kwenye mkoba mara mbili na nimekitoa mara mbili. Sasa hivi kiko hapa mezani na sijui kitakuwa wapi Jumamosi asubuhi. Nikifika nacho, kipokee tu, ukiweke pembeni, unipeleke tukatembee unionyeshe marafiki zako. Nikianza kukufungulia ukurasa, nishike mkono.

Salimia baba yako. Kula vizuri.

Ni mimi, mama yako.