Mbegu Niliyoisaga

Jumamosi, Musoma. Upepo wa ziwani umevuma tangu alfajiri na madirisha yanagonga. Miguu imevimba tena. Nimekaa kwenye kiti cha jikoni kwa sababu ndicho pekee ninachoweza kuinuka kutoka kwacho bila kushikwa mkono.

Nilipanga leo kuandika juu ya chapati za Kihabeshi. Wachache mnaosoma ukurasa huu mnajua kazi yangu: mapishi mepesi ya nchi za watu, kwa jiko la mtu wa kawaida. Tumeshapika tambi za Waitaliano kwa nyanya za hapa, supu ya Kichina kwa sangara, dengu za Kihindi. Chapati hizi ndizo nilizokuwa nazikwepa tangu nianze kuandika.

Leo nimezipika. Na sitaweka kipimo chochote.

Daktari aliongea nami wiki iliyopita kwa upole mwingi mno, ndipo nikajua. Moyo umechoka. Nilifundisha sayansikimu miaka mingi na nilizoea kuwaambia wasichana kwamba mpishi mwaminifu huonja chakula chake mwenyewe kabla ya kuwapa watu. Basi nionje na hiki.

Tulikuwa tumetoka vitani na maduka yalikuwa meupe. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, mafuta ya kupikia hata foleni hayakuwa nayo. Nilikuwa mwalimu kijana huko Bunda, nimejifungua mtoto wa kwanza, Neema huyu ninayeishi naye leo. Mume wangu Magesa alikuwa na kazi hapa Musoma, kwa hiyo likizo ya uzazi nilipelekwa nyumbani kwao, kijiji kimoja upande wa Butiama, kwa mama mkwe.

Aliyenilea uzazi wangu ni wifi yangu Nyangeta. Alikuwa ameachika, amerudi kwa mama yake, na watu walimtazama kama chombo kilichorudishwa na mkopaji kikiwa na ufa. Yeye alicheka tu. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji, akafua vitambaa vya mtoto kwa majivu maana sabuni haikuwapo. Akinikanda aliimba jina langu kwa mzaha: "Mwalimu, mwalimu, tumbo lako limekuwa daftari limelowa!"

Nilimpenda. Naliandika hili mapema ili msije mkadhani tulikuwa na ugomvi.

Juu ya mafiga, kwenye moshi, palining'inia kibuyu cheusi. Ndani yake mlikuwa na mbegu ya ulezi ya nyumba ile, na mdomo wake umezibwa kwa samadi na majivu. Mwenye kukishusha ni mama mwenye jiko, na hukishusha wakati wa kupanda. Binti wa pale akiolewa mbali alifungiwa konzi moja ya mbegu hiyo kwenye pembe ya khanga, akaipande huko aendako. Hata mwaka wa njaa watu walikula mizizi wakakiacha kibuyu. Nilielezwa yote hayo siku nilipoolewa, nikaitikia kwa heshima, na moyoni nikaiweka habari hiyo kwenye fungu la mambo ya wazee.

Hilo ndilo kosa la kwanza. Nilikuwa nimesoma.

Mama mkwe alikwenda msibani Nyamuswa, siku kadhaa. Ikaja habari kwamba mkuu wangu wa shule na walimu watatu wanakuja kumwona mzazi. Nikaingiwa na homa ya sifa. Chuoni tuliwahi kufundishwa na mama mmoja wa Kihabeshi aliyeolewa nchini, akatuonyesha chapati za kwao: unga wa nafaka ndogo, maji, siku tatu za kuchachuka, kisha unamimina kwenye kikaango na kufunika. Hakuna mafuta. Hakuna sukari. Hakuna ngano. Kwa nyakati zile kilikuwa chakula cha ajabu, na mimi ndiye pekee niliyekijua mkoa mzima, au ndivyo nilivyojidanganya.

Ulezi wa kula ulikuwa umekwisha. Tulibaki na muhogo na unga wa njano wa msaada.

Nyangeta alipokwenda kuteka maji nilipanda juu ya kigoda, nikakishusha kibuyu. Nilivunja kizibo kwa mpini wa kisu. Nilikusudia vikombe viwili. Rojo la kwanza liliharibika, likatoa ukungu, nikalimwaga nyuma ya zizi. Mara ya pili nikasaga yote iliyobaki. Nikarudishia vipande vya kizibo, nikakitundika kibuyu kitupu mahali pake. Nyangeta aliponikuta kwenye jiwe la kusagia nikamwambia unga mwingine nilikuja nao kutoka Bunda, na huu namalizia punje zilizobaki mfukoni. Akaniambia, "Ondoka hapo wifi, utaumia, wewe mzazi." Akasaga yeye.

Ndiyo. Alinisaidia kuisaga.

Wageni walikuja, wakala, wakalamba vidole. Mkuu wa shule aliuliza, "Mwalimu, hii ladha ya moshi umeipataje? Inatia hamu!" Nikatabasamu kama mtu mwenye siri ya utaalamu. Walikuwa wameniletea mche mzima wa sabuni. Usiku nikakata nusu, nikampa Nyangeta, nikamwomba asimwonyeshe mtu, maana mama mkwe angeigawa kwa ukoo wote.

Mvua ya kwanza iliponyesha mama mkwe akakishusha kibuyu. Akakitikisa. Sauti ya kitu kitupu naisikia mpaka leo nikiokota sufuria.

Alituita sote. Nyangeta alisema labda ni panya. Mama mkwe akajibu, "Panya anaacha makapi. Huyu amekula kama mtu." Kisha akaenda kupekua vitu vya Nyangeta, hakuja kupekua vyangu, na akarudi na kile kipande cha sabuni. Miaka ile watu walivusha nafaka mpakani Sirari kwa magendo na kurudi na sabuni, kila mtoto alilijua hilo.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimepewa na wifi."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimempakata Neema. Ningesema kweli kuhusu sabuni, swali la pili lingekuwa la wageni, la tatu la chakula.

Nikasema, "Mimi? Sabuni yangu ninayo."

Maneno matatu ya mwisho, na yalikuwa kweli. Nilikuwa nayo, ile nusu yangu.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimwambia binti yake, "Mtu aliyekula mbegu hapandi na mimi." Kesho yake Nyangeta alifunga kikapu. Shangazi yake alikuwa ameolewa Ukerewe, hapakuwa na pengine pa kwenda. Angetembea hadi barabarani, apate gari la Bunda, kisha Kisorya, kisha kivuko. Aliponipita mlangoni nilidhani atanitemea mate. Alisema, "Wifi, huyu mtoto usimwogeshe na maji ya baridi. Kifua chake hakipendi."

Akaenda.

Kisha ikaja ile ruksa ya kuingiza bidhaa. Bidhaa zikarudi madukani kana kwamba zilikuwa zimejificha tu chini ya kaunta. Ngano, mafuta kwa madumu, viungo vya Kihindi, tambi za paketi. Nilipika kila kitu. Nikawa mtu wa kualikwa kwenye harusi kwa ajili ya mikono yangu. Kila msimu nilimtumia Nyangeta kitu kwa wauza samaki: khanga, sukari, sabuni. Hasa sabuni. Naye alirudisha samaki, ningu waliokaushwa vizuri, wamefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilimpa kila kilichouzwa dukani.

Mama mkwe alipokuwa kitandani mara ya mwisho aliomba uji wa ulezi. Nikampikia wa sokoni. Akaonja kijiko kimoja, akageuza uso ukutani. "Huu si wetu," alisema. Nilikuwa na nafasi hapo, tuko wawili tu chumbani. Nikaongeza sukari.

Nyangeta alikuja mazikoni, akakaa nyuma na wanawake majirani kama mgeni, na asubuhi akaondoka. Magesa naye alikufa akiamini kwamba dada yake ni mwizi wa mbegu. Alikuwa mwema kwake, alisema amemsamehe. Nilimsikia akilisema hilo mbele za watu, nikamimina chai.

Sasa ya wiki hii.

Jumanne mama mmoja muuza samaki alileta kiroba kidogo kutoka ng'ambo ya Kisorya. "Ni ulezi wa yule bibi wenu," akamwambia Neema, akakimbilia gari lake. Neema aliona mimi sili kitu siku hizi, akaupeleka mashineni ili nipate uji. Kwa bahati hakuupeleka wote, alibakiza kidogo kwenye bakuli kwa sababu ndoo ilijaa. Nilipouona ule unga mwekundu nikajiambia, sasa, kabla sijafa, nizipike zile chapati niziandike. Nikaloweka. Siku tatu rojo limechachuka vizuri, safari hii bila ukungu.

Leo asubuhi nikamimina ya kwanza. Vitundu vikafunguka juu yake. Nikafunua kifuniko, na mvuke ukanipiga usoni.

Moshi.

Nimeitafuta ladha ile kwenye vikaango vya nchi za watu muda wote huu, bila kuipata. Sikuhitaji kuonja. Nikamwambia Neema aniletee kile kiroba. Akakikung'uta, kikaratasi kikadondoka kutoka kwenye pindo. Mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani:

"Wifi hii ni mbegu ya mama. Shangazi alikujaga nayo huku alipoolewa. Alinipa konzi nikaipanda, kila mwaka naiweka juu ya moshi, nimeona imekuwa ileile. Irudisheni kwenye kibuyu nyumbani. Nimesikia unaumwa na mimi nimezeeka. Sitaki nife mbegu iliyopotea mikononi mwangu haijarudi."

Mikononi mwake.

Neema alinishika akidhani naanguka. Nilimwomba anipigie namba ya yule mama wa samaki, naye akatuma mtoto wake akamtafuta Nyangeta shambani. Ilichukua saa nzima. Nilikaa nikiitazama ile chapati ikipoa na kukunjamana.

"Wifi! Bado uko?" Sauti yake ni ileile, imekauka kidogo tu. "Nilisema huyu mwalimu atatusomea sote risala za mazishi!"

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema nilikishusha mimi, nilisaga mimi, na wewe ulinisaidia bila kujua, na nikakaa kimya. Na ile uliyoleta, nayo tumeisaga.

Nilisikia kuku.

"Sabuni nilijua," alisema mwishowe. "Nilijua umeikana kwa sababu ulimwogopa mama. Hiyo nilikusamehe palepale kwenye kivuko. Lakini mbegu..." Akavuta pumzi. "Wifi, siku ileile mama alipokwenda msibani mimi nilikishusha kile kibuyu kukipangusa masizi. Maisha yangu yote nimesema ni mimi sikukirudisha vizuri. Kwamba nilikilegeza kizibo, mdudu akaingia, mtu akaingia, sijui. Nikiwa naipanda huku nilikuwaga naiambia, usinione vibaya."

Nilimwomba msamaha. Nilianza kulia, na kulia kwangu siku hizi ni kukosa pumzi.

"Usiniombe kwenye simu," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, ngumu, sauti ya mama yake. "Neno kubwa namna hiyo haliombwi kwenye simu. Imebaki kiasi gani?"

Neema akainua bakuli. Konzi moja. Labda moja na nusu.

"Inatosha. Mtu anaolewa na konzi moja. Msiiguse. Jumatatu navuka na kivuko cha kwanza, mtu mmoja anipokee stendi ya Bunda, magoti yangu hayana akili. Twende wote nyumbani, mbegu ipandwe, wewe ukae kwenye kiti uone. Halafu hapo shambani ndipo utasema ulichofanya, kwa sauti, watoto wa Magesa wote wakisikia. Ndipo na mimi nitaona kama ninacho cha kukujibu."

"Nikifika Jumatatu," nikasema.

"Utafika. Wewe ulikuwaga mbishi." Kisha: "Na wifi, usinipikie. Usinipikie chochote cha hizo nchi zako. Nikija nitapika mimi."

Kwa hiyo leo hakuna mapishi. Rojo lililobaki nilimwambia Neema asilimwage. Tumezichoma zote, tumezila, mimi na yeye, kwenye meza hii, na nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, maana naye ndiye aliyekuwa mikononi mwangu siku ile. Aliondoa sahani, akazikosha, akazifuta moja moja, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Maji ya baridi ulinichunga nayo?"

Nilimchunga nayo. Hilo angalau nilitii.

Hatuna mafiga kwenye nyumba hii, tuna gesi. Neema amekwenda kwa jirani anayechoma samaki, ameifunga ile konzi kwenye pembe ya khanga yangu na kuitundika juu ya moshi wao. Nikikaa hapa dirishani naiona.

Naandika haya hapa, mbele yenu, ili Jumatatu isiponikuta, wanangu wasome na waseme kwa niaba yangu pale shambani, kwa sauti.

Sasa naomba tu siku mbili.

Kesho sitapika.