Nyumba ya wazee imezuia maji, lakini simwamini dada yangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijapasuka, kwa sababu jambo lenyewe siwezi kumwambia jirani, na mume wangu nilipomwambia akanijibu niache umbea, kama vile mama ni wa jirani.

Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa mwisho, tumezaliwa wawili tu, na mama yetu anaishi katika nyumba ya kulelea wazee iliyo ufukweni kabisa, ukifungua dirisha bahari hii hapa, na hatembei tena, ni mtu wa kiti cha magurudumu, na aliyemtafutia nafasi ni dada yangu ambaye ni muuguzi mkuu palepale, nami nikashukuru nikasema mama yuko mikononi mwa mwanawe, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka jana bahari ilijaa kupita kiasi ikaingia hadi vyumbani, wazee wakatolewa wameloa chapachapa, na baada ya hapo akaletwa meneja mpya, mtanashati, ananukia tangu getini, akaapa kwamba maji hayataingia tena hata tone. Akauziba kwa matofali mlango wa chumba cha mama uliokuwa unatokea upande wa bahari, na milango mingine akaitengenezea mabamba ya chuma ya kufika kiunoni, yanayopachikwa kwa nje na kukazwa kwa nati kila tahadhari ya mawimbi inapotangazwa.

Sasa sikiliza. Tangu bwana huyu aje dada yangu amekuwa mtu mwingine, anapaka wanja kwenda kubadilisha mashuka, anacheka kicheko ambacho hatukuzaliwa nacho kwetu, na nikimuuliza kwa nini wazee hawawekwi ghorofani ananijibu, "Juu ni ofisi, mdogo wangu, wewe hujui mambo ya utawala," na siku hiyohiyo nikamwona anashuka kutoka hukohuko juu, viatu mkononi. Viatu mkononi, mshauri! Akasema ngazi zilikuwa zimepigwa deki. Haya, mbona meneja alishuka nyuma yake na viatu vyake miguuni?

Juzi ndugu wa wazee tuliitwa kushuhudia zoezi, tukapewa viti uani, wafanyakazi wakatoka mbio, wakapachika mabamba, wakakaza nati, meneja mwenyewe akashika mpira wa maji akayamwagia, na kweli halikuingia tone, tukapiga makofi, na mimi macho yangu yalikuwa kwa dada, nikamwona akimfuta meneja vumbi begani, taratibu, kama mtu anayepangusa kabati lake. Halafu tukakaa sana tukisubiri tuingie kuwasalimia wazee wetu, maana spana alikuwa nayo mlinzi na mlinzi alikuwa ameenda dukani kununua sigara, ikabidi nizungukie mlango wa jikoni, huo hauna bamba kwa sababu uko juu ya ngazi, tena ni mwembamba, kiti cha mama hakipiti, kwa hiyo nikamsalimia ndani nikatoka. Muda wote huo dada na meneja walikuwa wanacheka tu.

Na mama naye ananichanganya. Kila nikienda ananishika mkono, "Mwanangu, mlango umeenda wapi?" Dada anasema akili ya mama imeanza kuchoka, nisimsikilize. Mimi nashuku anapewa dawa za kumpumbaza asije akasema aliyoyaona. Je, nimkabili meneja, niitishe kikao cha familia, au niwavizie hadi niwafumanie?

Ni mimi fundi, silali.

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mdogo wangu. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, hasa pale kwenye viatu. Mara ya pili sikucheka.

Umemkodolea macho dada yako hadi ukakosa kuona kilichofanyika mbele yako mchana kweupe. Wazee walikuwa ndani. Nati zilikazwa kwa nje. Spana ilikuwa dukani. Mlango uliobaki haupitishi kiti. Na nyinyi, watu wazima wenye akili zenu, mkapiga makofi! Meneja huyo amewazuilia maji nje, sawa, na wazee amewazuilia ndani. Siku bahari itakapopanda ikapita kiuno, nyumba ile itajaa kama beseni, na mama yako yumo.

Halafu unathubutu kuniambia mama anakuchanganya. Mama alikuwa na mlango chumbani kwake, wameujenga kwa matofali, naye anauliza umeenda wapi. Umechanganyikiwa wewe. Katika barua yako yote, mtu pekee aliyeuliza swali la maana ni yeye, na binti zake wawili wamempuuza, mmoja kwa mapenzi, mwingine kwa umbea. Ndiyo, umbea, mumeo hapo hakukosea.

Kuhusu dawa, usimsingizie mtu jambo zito hivyo bila ushahidi. Mpeleke mama kwa daktari mwingine aone anachomeza, basi. Kuhusu mapenzi, sijui, labda yapo. Mimi pia ningemtilia shaka mtu anayefuta vumbi kwenye bega lisilo lake. Lakini dada yako ni mtu mzima, wala hakuna mtu aliyewahi kuzama kwa sababu ya wanja. Ninachokishuku mimi ni kibaya zaidi. Muuguzi mkuu anasukuma vile viti kila siku. Anajua upana wa mlango wa jikoni kuliko wewe na mimi. Nahisi kasoro hiyo ameiona, akaamua kufunika kombe mwanaharamu apite, asimwaibishe bwana mkubwa.

Kwa hiyo kuvizia sitaki kusikia. Chukua utepe wako wa kupimia nguo, kapime mlango wa jikoni na kiti cha mama, usimtegemee mtu kukwambia. Watafute ndugu wa wazee wengine, mwende pamoja, maana ukienda peke yako utaambiwa una wivu, na hawatakuwa wamekosea sana. Mdai kwamba nati isikazwe hata moja kabla mzee wa mwisho hajatolewa na kupelekwa mahali pa juu. Mabamba yawekewe komeo linalofunguka kwa mkono kutoka ndani, bila spana ya mtu yeyote. Mlango wa jikoni upanuliwe, na ngazi zake zigeuzwe mteremko wa kupitisha magurudumu. Na zile ofisi za juu zishuke chini. Meza ikilowa itaanikwa. Meneja akikataa, nendeni kwa wanaotoa vibali vya nyumba hizo, warudieni kila asubuhi mpaka wachoke kuwaona.

Ila kabla ya yote hayo, muulize dada yako swali moja, meneja akiwa amesimama hapohapo: "Dada, maji yakija na mlinzi hayupo, nani atamfungulia mama?"

Kisha nyamaza umwangalie, maana kuangalia unajua. Akikujibu wewe, hata kwa kulia, una dada, saidianeni. Akimtazama kwanza meneja, usibishane naye na usipoteze muda kufunga nguo. Kamata kiti cha mama, msukume, utoke naye kwa mlango wa mbele ungali wazi.