Laptopu Iliyonukia Marashi

Mama,

Shikamoo. Ulimi wangu haujui kuanza na wewe kwa neno jingine, hata nikijua marahaba haitarudi.

Arobaini yako tumeisoma Jumamosi. Uani kulijaa mpaka tukaazima mikeka kwa jirani, na wengi wa waliokuja ni wale uliowapokea kwa mikono yako. Baadhi yao sasa wana ndevu. Pilau ilitosha, usiwe na wasiwasi. Mama Mkubwa alizunguka na chetezo mkono mmoja na mrashi mkono wa pili, akamfukiza na kumnyunyizia kila aliyeingia, wengine mara mbili. Nilimwacha. Dada yako ana namna yake ya kulia.

Sasa nikueleze lililotokea mchana ule, maana sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Ile kazi uliyokuwa ukiniombea nimeipata, kwenye kampuni ya vipuri vya magari kule mjini. Bado niko kwenye majaribio. Tangu mambo yawe ruksa kila mtu anaagiza mali kutoka Dubai, na bosi wangu naye ameagiza kompyuta ndogo ya kubeba, inakunjwa kama kitabu, wenyewe wanaiita laptopu. Ni hiyo moja tu ofisi nzima. Nilipoomba ruhusa ya kuja kusoma arobaini, akanipa niende nayo nyumbani Temeke nikamalizie kazi za wiki. Akaniambia, "Zuhura, nakukabidhi wewe. Jumatatu asubuhi iwe mezani kwangu, nzima." Makarani wenzangu wa kiume walinisindikiza kwa macho mpaka nikatoka nje.

Nikaiweka chumbani kwako, kwenye meza ya pembeni ya kitanda. Asubuhi nilikuwa nachapa, wageni wakaanza kuingia, nikaizima, nikaiacha wazi nikaifunika na kile kitambaa chako cha kufuma, cha kufunikia redio. Nikajiona nimeihifadhi vizuri sana.

Nilisahau sheria ya nyumba hii. Kitu kigeni hakilali kwako bila kufukizwa. Ulifukiza redio, ukafukiza friji, ukafukiza hata baiskeli ya mdogo wangu Hamisi, na jirani wakatucheka. Basi Mama Mkubwa akapita chumbani, akafunua kitambaa, akaona kuna kitu kipya hakijapitiwa. Akakifukiza ubani mpaka akaridhika, halafu akakinyunyizia marashi ya waridi, na wala hakuyafanyia ubahili. Akaja kunipa habari kwa furaha. "Mama yako angekifukiza. Mie nimemfanyia tu."

Nilikimbia, Mama. Nikaipangusa kwa khanga, nikabonyeza swichi.

Ikalia. Pi, pi, pi, pi, bila kuvuta pumzi, na kioo kimebaki cheusi. Nikaizima, nikaiwasha tena, yakawa yale yale. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo wakaja mlangoni na masinia mikononi. Mmoja akasema hicho kina pepo, kisomewe. Hamisi akatikisa kichwa kama daktari. "Sista, hiyo ishakufa. Kesho tuipeleke Buguruni kwa fundi redio." Nikakaa kwenye kitanda chako. Niliiona kazi imekwenda, nikamwona bosi ananitazama, na juu ya hayo yote nikakumbuka kwamba wewe hupo chumba cha pili nikuite. Nikalia. Siku zote arobaini sikuwa nimelia hivyo.

Mama Mkubwa akanitazama kwa mshangao. "Wewe unalilia nini? Si inalia yenyewe? Kinacholia ni kizima."

Hilo ni neno lako. Nilikuwa mdogo, ulikuwa ukinichukua nikakubebee sanduku lako la ukunga, nami nilikaa nyuma ya pazia na masikio wazi. Mtoto akitoka kimya ulikuwa huzungumzi na mtu, mikono inakimbia. Akitoka analia, ulicheka kidogo ukasema, "Kinacholia ni kizima. Sasa tumuulize anataka nini." Na Mama Mkubwa kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni, akisikia kilio cha kwanza anapiga vigelegele mtaa mzima ujue.

Ndipo likanijia somo la kule chuoni, somo nililofaulia mtihani bila kuliamini. Mwalimu alisema kompyuta ikiwashwa haianzi kazi. Kwanza inajikagua yenyewe, kiungo kwa kiungo. Ikijikuta salama, inalia mara moja, kwa ufupi, basi. Kiungo kimoja kikiwa na hitilafu, inalia mfululizo mpaka mtu aje.

Mama, mimi ukaguzi huo nimeuona kwa macho yangu. Ulikuwa humkabidhi mzazi mtoto wake kabla mkono wako haujampitia: utosi, masikio, kidole mdomoni kugusa kaakaa, mabega, vidole kimoja kimoja, mgongo, nyayo. Hata wakuharakishe vipi, hukuruka. Na kwa kila kiungo ulisema taratibu, "Upo." Nikajiuliza ni nani huko ng'ambo alikaa akawaza kwamba hata chuma, kabla ya kuamka, kipitiwe hivyo hivyo, na kisipokuwa sawa kisinyamaze. Hukuwahi kuonana naye wala yeye hakujui. Nimelifikiria jambo hili mpaka leo na bado linanishangaza. Sikuona tena mashine imeharibika. Niliona inaniita.

Nikafuta machozi. Nikachomoa waya, nikatoa betri, nikailaza kifudifudi juu ya khanga kama ulivyokuwa ukimlaza mtoto aliyemeza maji. Tukaenda kuswali alasiri. Niliporudi nikafungua sanduku lako. Pamba ilikuwamo, na spiriti yako ya kusafishia vitovu ilibaki chini kidogo ya nusu chupa. Nikaanza juu kushoto, kibonyezo kimoja kimoja, nakibonyeza, nakiachia, nakisikiliza kwa ncha ya kidole kama kinarudi. Upo. Upo. Wale wanawake walirudi mlangoni na masinia yao. Hamisi alitaka kunicheka, akaacha.

Nikafika chini, kwenye kile kirefu cha kuachia nafasi kati ya maneno. Nikakibonyeza. Hakikurudi.

Ubani na marashi vilikuwa vimekutana chini yake vikawa gundi. Muda wote ule mashine ilihisi kidole cha mtu kimeikandamiza, na ilikuwa inapiga kelele kiondolewe. Haikuwa na ugonjwa mwingine. Nikakiinua kwa pini ya mtandio, polepole, nikasafisha kwa pamba mpaka pamba ikatoka nyeupe. Chumba kikajaa harufu ya spiriti na waridi, na kwa kitambo kidogo ulikuwa umeingia, umesimama nyuma yangu, nami sikugeuka nisije nikakukosa.

Nikasubiri ikauke. Nikarudisha betri. Nikasema bismillahi, nikaiwasha.

Pi.

Mara moja tu. Kisha kimya, kioo kikaanza kupata mwanga, na maandishi yangu ya asubuhi yakawa yamo.

Mama Mkubwa alikuwa amekaa kizingitini, kama alivyokaa miaka yote ya ukunga wako. Alisikia kilio kile kimoja, na kabla hajafikiri, alipiga vigelegele. Nyumbani kwa msiba, Mama, na ubani wa khitma haujaisha kwenye chetezo. Masinia yaliganda hewani. Yeye mwenyewe alijiziba mdomo akanitazama kwa hofu, macho yamejaa machozi. Halafu mmoja wa wale wanawake, sikumwona ni nani, akamwitikia. Na mwingine. Mpaka majirani wakachungulia uani kuuliza nani kajifungua.

Jumatatu niliiweka mezani kwa bosi. Akainusa. "Mbona inanukia?" Nikamwambia, "Imetoka arobaini, bosi." Akaiwasha, ikalia mara moja. Akanitazama, akaitazama, akasema, "Haya." Tangu juzi ufunguo wa kabati inamokaa uko kwangu.

Sanduku lako walitaka kuligawa. Nimekataa. Mkunga siwezi kuwa, unajua navyoogopa damu, nilikuwa nafumba macho nyuma ya pazia. Lakini nakuahidi hili: kitu kikilia mbele yangu, mtu au chuma, sitasema kimekufa kabla sijakipitishia mkono. Na sitaruka kiungo.

Pumzika sasa, Mama. Mikono yako imefanya kazi ya kutosha, na Mungu aipokee kama ulivyotupokea sisi.

Kila asubuhi ofisini nikibonyeza ile swichi, wenzangu wanaongea habari za mpira. Mimi natulia kidogo, mpaka ilie. Kisha nasema kimoyomoyo, "Upo," ndipo naanza kazi.

Mwanao,
Zuhura