Taavetti Kinnari, Fundi Viatu wa Haapalampi, Ambaye Hakukimbia

Umetimia mwaka, Baba, tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipokaa kwenye kigoda chako, ukajaza misumari midogo mdomoni, usiugonge hata mmoja. Kiatu kilichokuwa gotini mwako kilikuwa cha dada wa maktaba. Binti yako Raili alikimalizia. Kisigino kimekaa upande kidogo, lakini mwenye kiatu hataki kirekebishwe.

Tunakukumbuka ukinywa kahawa kwa kisosi, bonge la sukari katikati ya meno, jicho moja umelifumba. Tunakukumbuka kwenye sauna ya Jumamosi, ukimwagia maji mawe ya moto mpaka wakwe zako wanatoka mbio, nawe unawapigia kelele, "Rudini, bado hamjaiva!" Viatu ulizungumza navyo sana. Watu ulizungumza nao kidogo. Habari za vita hukuzigusa.

Sasa tutazigusa sisi.

Mji mzima ulijua kwamba Februari 1940 ulikitoroka kikosi chako. Mji ulijua kwa sababu aliyeandika hivyo ni Luteni Torsti Vainikka, na baada ya vita akawa mwalimu mkuu wetu, kisha mwenyekiti wa maveterani. Kila tarehe sita Desemba, siku ya uhuru wetu, wenzako walialikwa kunywa kahawa ya uhuru kwenye ukumbi wa kanisa. Wewe ulibaki karakanani ukipiga soli. Miaka arobaini ulimtengenezea Vainikka viatu, hata vile vya gwaride.

"We Taavetti, huoni kinyaa?" Mama alikuuliza.

"Viatu havina kosa, Hilja."

Pengine tungenyamaza kama wewe, kama Vainikka asingekuja makaburini tulipokuzika.

Alikuja na shada. Kwetu anayeweka shada husoma maneno ya utepe wake kwa sauti, na hakuna anayemjibu. Alivua kofia, akasoma: "Kwa mwenzetu aliyepotoka. Maveterani wa Haapalampi wamekusamehe." Kisha akamwinamia Mama. Na Mama, kwa mazoea ya maisha yake yote, naye akamwinamia. Watu wakachukulia kwamba amekubali. Mwaka huu mzima hakuna kilichomuuma Mama kama shingo yake mwenyewe.

Lakini tangazo la kifo chako lilifika mbali. Januari alishuka kwenye basi mzee mmoja kutoka kusini, mguu mmoja wa bandia, akiulizia kwa Kinnari. Akasema anaitwa Arvi Moilanen na kwamba mlikuwa kikosi kimoja. Mama alipomweleza maneno ya utepe, mzee alipiga meza vikombe vikaruka.

"Alikimbia? Ndiyo, alikimbia, shemeji! Alikimbia huku ananikokota mimi kwenye sleji juu ya theluji, siku mbili nzima, na baridi ile ya kupasua miti! Huyo luteni wenu ndiye aliyetuacha hemani, majeruhi wawili, akaondoka na wazima. Mumeo akarudi peke yake kutuchukua."

"Na huyo wa pili?"

"Alikufa njiani. Taavetti hakumwacha. Alisema mama yake atataka kumzika."

"Sasa mbona miaka yote hii hukusema?"

"Nilipelekwa hospitali kule kusini, sikurudi tena huku. Nilidhani mmeshamjengea sanamu!"

Ulipofika kambini, Baba, jina lako lilikuwa limeshaandikwa kwenye orodha ya watoro. Ulieleza mara moja, hukuaminiwa, hukurudia. Hatukulaumu. Wa kumlaumu tunaye.

Arvi aliandika yote na kutia saini. Tukaibandika barua yake kwenye ubao wa ukumbi wa kanisa. Ikabanduliwa. Tukabandika nyingine. Ikabanduliwa nayo. Binti yako Sisko anafanya kazi kwenye ofisi yenye mashine ya kunakili, hatutaishiwa.

Agosti, Vainikka akamtuma mchungaji. Mama alimkaribisha vizuri, akamwekea maandazi ya iliki.

"Mama Hilja, bwana Torsti anaumwa moyo. Anasema huenda kuna mahali karatasi zilikosewa. Anaomba yaishe kimyakimya."

"Huenda?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kula, mchungaji. Kisha ukamwambie hivi: alisema kwa sauti mbele ya watu, akanushe kwa sauti mbele ya watu. Akishindwa kusimama, tutampelekea kiti."

"Lakini msamaha, mama yangu..."

"Msamaha si ameshautoa? Alimsamehe mume wangu kosa alilolifanya yeye mwenyewe. Mimi nimebakiwa na nini cha kutoa?"

Mchungaji alimaliza andazi lake akaondoka. Vainikka hajasema neno mpaka leo. Amevuliwa uenyekiti, kwa sababu za afya, wanasema. Tunapita nyumbani kwake tunapokwenda dukani, na Mama hupunguza mwendo makusudi, akimtazama dirishani mpaka pazia lifungwe.

Basi ajue. Tangazo hili litatoka gazetini kila Oktoba, na jina lake litakuwa ndani yake, kwa herufi sawa na za jina lako, mpaka siku atakapoita watu na kusema: Taavetti Kinnari alirudi kuchukua majeruhi, mimi niliondoka.

Unakumbukwa na mkeo Hilja. Binti zako Sisko na Raili pamoja na waume zao. Wajukuu wako wanne. Na Arvi Moilanen, uliyemkokota.

Wewe hatutakusahau kamwe, Baba. Wala yeye hatutamsahau.