Usimpe Mtoto Uji Ule

Tarime

Mdogo wangu Zena,

Marahaba. Ule mchele ninaokutumia kila baada ya mavuno sinunui sokoni kama nilivyokudanganya. Unatoka kwenye mpunga wangu wa bondeni, chini ya mwalo, pale wachimbaji wanapooshea mchanga wa dhahabu. Maji yanayotoka mwaloni ndiyo yanayoingia shambani.

Natumaini ninyi hamjambo. Mimi siinuki tena bila kushikwa, na daktari ameacha kunificha. Ndiyo maana nasema sasa.

Unakumbuka nilifundisha kemia kabla dhahabu haijanivuta huku. Najua mawe yale yana sumu iitwayo arseniki, na najua mpunga huinyonya na kuiweka kwenye punje. Kwa hiyo nilikupigia simu nikakuagiza: osha mpaka maji yatoke safi, loweka usiku kucha, mwaga, kisha chemsha kwa maji mengi kama maharage na uyamwage tena. Ulicheka mpaka simu ikakuponyoka.

"Nimwage maji, kaka? Si utamu wote umo humo! Wakurya wameshakuharibu."

Mumeo akadakia, "Mwache, shemeji ni mwalimu, hata wali anausahihisha!"

Nikacheka nanyi, nikasema ni kwa sababu ya vumbi tu. Kuloweka na kumwaga kunapunguza, Zena, hakumalizi. Nililijua hilo. Nilitaka tu niwe na kitu cha kujiambia.

Juzi ukatuma sauti kwenye simu ya Bhoke, binti wa mwenye nyumba anayenipikia. Unasema mjukuu wetu ameanza uji, na unamsagia mchele wa babu yake wa Tarime. Sikulala.

Usimpe tena, hata ukiuloweka siku nzima. Chimba shimo uufukie, kuku wasiufikie. Mpelekeni hospitali, mwelezeni daktari wazi amekula nini, na kwamba nanyi mmekula miaka yote hii. Uji mpikie wa uwele.

Msalimie shemeji, mtani wangu. Mama wa mtoto mwombe anisamehe. Mimi sina uso wa kumwomba. Ni mimi kaka yako Ramadhani, nimeandika kwa mkono wangu, ndiyo maana mistari imepinda.

Bhoke aliniuliza siku moja, "Babu, mpunga ni wako, mbona kila siku ugali tu?" Nikamjibu tumbo langu haliupendi wali. Si kweli. Tangu gunia la kwanza, sijatia mdomoni hata punje moja ya mchele ule.